Si Inay

Jumapili ya nne tangu ga ipotee, Mboni Shemhilu aliingia kwenye chumba cha kusikilizia mapema kuliko siku zote, akakaa na daftari lake la shule mapajani, akajiapiza kwamba leo akiikosa tena hatajidanganya.

Chumba chenyewe kilikuwa kimezikwa nusu ndani ya mlima, juu kidogo ya mji wa Lushoto, na ukishafunga mlango wake unasikia hata matumbo ya mwenzako yakinguruma. Ndiyo maana walikijenga huko. Saa nne kamili asubuhi taa ya kijani ikawaka. Mboni akavaa visikizi, akabonyeza kitufe cha kujaribu laini, akahesabu kama anavyohesabu kila wiki, moja, mbili, tatu, akaachia. Sauti yake ilipanda juu ya mawingu, ikavuka dunia, ikateremka chini ya bahari ya Pasifiki mita elfu nne, kwenye nyumba ya chuma ambako watu tisa walikuwa wakichimba madini ya sakafu ya bahari. Safari hiyo ilichukua sekunde moja na nusu.

"Tenga!" mwanamume akajibu kutoka huko.

Isagani Dimayuga alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, miezi kumi na saba iliyopita. Siku ile Mboni alicheka mpaka akavua visikizi, maana kwao Usambaa tenga ni lile la kubebea peasi na nyanya kwenda sokoni, na jioni akawasimulia wenzake kwamba kuna mtu chini ya bahari anaamkia kikapu. Hakuuliza neno hilo lina maana gani kwao. Kuuliza kulikatazwa.

"Inay," Isagani akaita. Hilo lilikuwa jina la mama yake, au jina analomwitia, na majina hayakuhesabika kuwa elimu.

Mama akaitikia kutoka nyumbani kwake, mkoa wa Batangas. Sauti ileile iliyokwaruza kidogo mwanzoni, kicheko kilekile cha puani. Akauliza lile swali analoanza nalo kila Jumapili. Mboni alikuwa amelinasa daftarini kwa tahajia ya Kiswahili, zaidi ya mara sitini, bila kujua hata herufi moja yake inasema nini: *kumain kana ga*. Kalamu ikasubiri juu ya karatasi.

"Kumain ka na ba?"

Ba. Mboni akaandika ba.

Sasa hebu nieleze kazi yenyewe, maana watu wengi wakiambiwa kuna mtu analipwa kusikiliza lugha asiyoijua hudhani wanataniwa. Ilianza na meli moja ambayo mabaharia wake ishirini na wawili waliendelea kupiga simu nyumbani kwa miezi minane baada ya kufa. Walitania wake zao, waliwaimbia watoto, waliuliza habari za mbuzi. Mitambo ya kuiga sauti ilikuwa imefika huko. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Sauti: mfanyakazi yeyote aliye mbali asikoweza kuonekana, kila simu yake ipigwe muhuri wa Hai, na muhuri upigwe na sikio la binadamu.

Sikio la nani? Mashine za kupima zilishindwa kwanza, kwa kuwa kila mashine ya kupima iligeuka mwalimu wa mashine ya kuiga. Wenye lugha yao nao wakashindwa. Mtu akisikia lugha ya mama yake anakimbilia maana, na penye pengo analiziba mwenyewe bila kujua. Mgeni hana pa kukimbilia. Anabaki na pumzi, na mate, na koo. Wakajaribu wageni wa kila namna, na kwa Kitagalog, lugha ya Isagani na mama yake, hakuna aliyewashinda Waswahili. Silabi zake zinatembea kama zetu, zinaishia kwenye irabu kama zetu, na ile ng' ya ng'ombe, inayowatoa jasho watu wengi, wao wanaanzia nayo maneno kama sisi. Wanarudiarudia silabi kama watu wa pwani wanaopiga soga.

Shida ilikuwa hapohapo. Kusikiliza Kitagalog, kwa Mboni, kulikuwa kama kupanga chumba chenye ukuta mwembamba. Jirani anazungumza Kiswahili, una hakika ni Kiswahili, ila maneno hayakufikii. Kisha ghafla moja linapenya. Sana. Wala. Sisi. Mwezi wa kwanza, kila Isagani alipoaga kwenda kazini alisema kitu kilichosikika *baba ba na ako*, na nywele za Mboni zilisimama, akaona kama mtu yuko gizani anamwita babaye. Yalikuwa mazuka ya maneno tu. Alijifunza kuyaacha yapite. Kila baada ya miezi mitatu walimbandika nyaya kipajini na kumpigia sentensi, na kama ubongo ungeruka hata kwa neno moja, angehamishiwa lugha nyingine.

Lakini mazoea hayana mlinzi. Bila kujifunza neno, Mboni alikuwa ameijua nyumba ile ya sauti. Isagani na mama yake walikata maneno katikati kwa koo, mkato mkali kama mtu aliyebanwa na kwikwi, tofauti na Wafilipino wengine aliowasikiliza. Na maswali yao yote yalipanda kilima, yakaishia na ga. Wengine waliishia na ba. Hawa wawili, ga.

Isagani bado alikuwa na ga yake. Ya mama ilikuwa imekwenda.

Dakika ya kumi na moja, jogoo akawika nyuma ya mama. Mboni akaangalia saa, akarudisha kurasa nyuma. Jumapili iliyopita, dakika ya kumi na moja, jogoo. Iliyotangulia, jogoo. Zamani Isagani alikuwa akimcheka jogoo huyo na kumjibu. Leo alinyamaza mpaka jogoo akamaliza kuwika.

Mboni hakupiga muhuri. Alichukua daftari, akapanda ngazi.

*

Msimamizi wa kituo, Bwana Mutalemwa, alikuwa Mhaya wa makamo mwenye miwani mizito na adabu nyingi, mtu ambaye hata akija kukufukuza kazi atakumiminia kwanza chai. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu, kama mfanyakazi yuko hai.

Yuko hai, Mboni akasema. Yule anayeitikia kama mama yake ndiye siye.

Bwana Mutalemwa akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Akasema muhuri ni wa upande wa mfanyakazi. Upande wa nyumbani sheria haikuutaja, kwa sababu nani angefikiria kuuiga? Kisha akavua miwani, na Mboni akajua kwamba alikuwa akiijua habari hii siku zote.

Mama alikufa karibu wiki nne zilizopita, usingizini. Na sauti ile haikuwa hila ya kampuni peke yake. Dada yake Isagani, Luzviminda, ndiye aliyeiomba. Kulikuwa na barua yake. Mwaka jana, katika nyumba ileile ya chini, mtu mmoja alipata habari ya kifo cha mwanawe, akaenda akafungua mlango wa maji, na mwenzake aliyemkimbilia kumshika akaenda naye. Kumtoa mtu kule si kumwita apande ngazi. Mwili umezoeshwa uzito wa bahari nzima, na kuuzoesha hewa tena ni siku kumi na tisa ndani ya chumba cha chuma, peke yake, akiwaza. Dada hakutaka kuzika watu wawili. Isagani alikuwa amebakiza miezi saba. Apande salama, apokewe uwanja wa ndege na watu wake, ndipo aambiwe.

"Dada Mboni," Bwana Mutalemwa akasema taratibu, "wewe ungempigia simu mtu yuko Kigoma peke yake, ukamwambia mama yako kafa?"

Nani angefanya hivyo? Hata adui hafanyiwi hivyo. Mtu anaambiwa mama anaumwa kidogo, omba ruhusa uje, na wenye akili zao wanaelewa.

Yeye hakuelewa. Alikuwa mwanafunzi Dodoma, mjomba akapiga simu, akasema mama hajisikii vizuri. Mboni akapanda basi na moyo wake mweupe. Korogwe walipochimba dawa alinunua chipsi mayai, akala zote, akacheka na abiria wa kiti cha pili mpaka machozi. Alipokata kona ya kwao akaona turubai na mabenchi, na wanawake wakasimama wote kwa pamoja. Shangazi alimpokea begi. Mboni alikuwa bado na mafuta ya chipsi mdomoni, na hiyo ndiyo aibu ambayo mpaka leo hajamwambia mtu, kwamba siku nzima dunia ilikuwa inajua na yeye anakula.

"Mimi nilifichwa," akasema.

"Ukafika salama."

"Nilifika."

Bwana Mutalemwa akamsogezea muhuri mezani. Mboni akaangalia barua ya yule dada, ambayo hakuruhusiwa kuisoma. Akafikiria ule mlango wa maji. Akapiga muhuri, Hai, upande wa mfanyakazi, kweli tupu, na kweli hiyo ikamkaa kooni wiki nzima. Hasira yake hata hakujua amwelekezee nani. Dada wa watu alikuwa amefanya lile ambalo mjomba wake alifanya, kwa mapenzi yaleyale.

*

Jumapili ya tano Isagani aliitikia hesabu ya Mboni kwa sauti ya chini. "Tenga." Bila ule uchangamfu.

Alizungumza na mama yake polepole, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyooza. Kumain ka na ba, mama akauliza, na Isagani akasema neno moja fupi. Kisha akaanza kuuliza yeye. Swali, likapanda kilima, ga. Mama akajibu kwa furaha. Swali lingine, ga. Mama akajibu. Mboni alisikia jinsi anavyosubiri baada ya kila jibu, pumzi ameizuia, na masikio yake mwenyewe yakajikuta yakisubiri pamoja naye kitu kilekile.

Mama naye akauliza jambo. Ba.

"Ba," Isagani akarudia, taratibu.

Jogoo akawika. Dakika ya kumi na moja.

Baada ya hapo hakukuwa na sauti ila mashine ya hewa ya kule chini, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa. Mama hakuuliza kwa nini mwanawe amenyamaza. Alingoja tu. Hakuna pumzi iliyosikika upande wake, hakuna kiti kilicholia. Mboni akatambua kwamba kwenye laini nzima, kutoka Batangas hadi Lushoto, walikuwa wanapumua watu wawili tu.

"Tenga," Isagani akasema.

Hakuwa amewahi kumwita katikati ya mazungumzo. Mboni akavishika vile visikizi.

"Tenga. Si Inay ga ire?"

Aliisikia waziwazi kama amesemeshwa na mtu wa nyumbani. Si Inay. Miezi kumi na saba ya kuyaacha mazuka ya maneno yapite, na hili halikutaka kupita, kwa kuwa halikuwa zuka. Si Inay, ga? Siye mama, au sivyo? Amejua. Amejua kama yeye alivyojua, kwa ga ileile, na sasa hakuwa anaomba habari. Habari anayo. Alikuwa anauliza kama kuna mtu mwingine duniani anayeijua, au yuko nayo peke yake huko chini.

Mboni aliufikiria mlango wa maji. Aliufikiria kweli, mtu asije akasema hakufikiri. Akamwona yule mwenzake anakimbia kumshika. Lakini mtu aliyekwisha kujua, ukimwacha anajua peke yake, huo mlango si ndio unamfungulia? Wote wanamjibu Isagani kwa sauti tamu, wote wanamlisha chipsi njiani, na turubai limeshafungwa na kuanuliwa. Angalau mmoja asimame.

Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kujaribu laini.

"Si Inay," Mboni akasema. Kisha, ili asikosee kusikia: "Si Inay."

Akaachia. Sekunde moja na nusu kwenda. Sekunde moja na nusu kurudi.

Isagani alishusha pumzi ndefu mpaka Mboni akaogopa kwamba haitakwisha. Halafu akalia. Alilia kama watu wanavyolia msibani wakishaona sura ya ndugu, kilio kilichochanganyika na kicheko, akipenga kamasi, akijikaripia mwenyewe. "Salamat, Tenga," akasema. "Salamat."

Salama, Mboni akasikia, na akasema moyoni, salama, kaka. Akalia naye.

"Kumain ka na ba?" sauti ya mama ikauliza, kana kwamba hakuna aliyelia.

Na Isagani akamjibu. Akamjibu kwa upole, maneno mengi, yakiteleza, kama zamani. Mboni hakushangaa. Anamuaga, akajisemea. Alikosa nafasi ya kumuaga mwenyewe, anaiaga sauti yake. Akavua visikizi ili asimsikilize mtu kwenye jambo kama hilo, akapiga muhuri wa Hai, na kwa mara ya kwanza tangu Dodoma akahisi ameoshwa mdomo.

*

Jumatatu asubuhi alikuja na mkoba wake umeshafungwa. Msikilizaji haruhusiwi kutamka neno zaidi ya hesabu, na alijua adhabu yake. Bwana Mutalemwa akamkaribisha kiti, akamimina chai, akasogeza sahani ya maandazi. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyekosa usingizi.

Kampuni imeandika, akasema. Wanakushukuru. Wanasema ulitumia busara.

Mboni hakuelewa. Bwana Mutalemwa akamwuliza kama anataka kuona maandishi. Kwa kuwa msikilizaji ameingia kwenye mazungumzo, wakalimani wametafsiri dakika zile kwa Kiswahili, na ana haki ya kuzisoma. Ila akisoma, Kitagalog basi. Hatakisikiliza tena, na Isagani atapata sikio jingine.

Mboni alikuwa ameshika andazi. Akanyoosha mkono mwingine, akaipokea karatasi.

*Mfanyakazi: Sikio. Sikio, huyu ni Mama?*

*Msikilizaji: Ni Mama. Ni Mama.*

Akarudia kusoma. Akasema wamekosea. Yeye alisema si. Alisema si, mara mbili, kwa kinywa chake.

"Kwao," Bwana Mutalemwa akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "*si* haikatai kitu. Wanaiweka mbele ya jina la mtu. Kama sisi tunavyovua kofia kabla ya kumtaja. Ukisema *si Inay*, umesema Mama. Basi. Mama."

Mboni akatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua, na mtu alikuwa akipita na tenga la peasi kichwani, haonekani isipokuwa tenga lenyewe likielea. Akauliza kama laini inaweza kufunguliwa, dakika moja tu. Bwana Mutalemwa akatikisa kichwa. Akasema, tena bila ukali, kwamba hata ikifunguliwa, atamwambia nini na kwa lugha gani?

Lilikuwapo jingine chini ya karatasi. Akasoma kwa sababu macho yalishafika.

*Mfanyakazi: Asante, Sikio. Asante.*

*Sauti ya nyumbani: Umeshakula?*

Kumain ka na ba. Zaidi ya mara sitini aliliandika daftarini, na ndilo swali hilo tu. Ndilo hata mama yake Mboni alilokuwa akianza nalo kila simu, kabla ya salamu.

*Mfanyakazi: Siku tatu sijala, Mama. Nilikuwa na mawazo ya kijinga. Sasa nitakula.*

Mboni alilirudisha andazi kwenye sahani, akajifuta mdomo, ingawa hakuwa ameonja kitu.